Kupanda mti si mwisho wa kazi

Ndugu vijana wa Baraka na Fizi, tuseme ukweli. Kila msimu wa mvua kuna sherehe ya kupanda miti: hotuba iko, picha ziko. Kiangazi kikifika, mbuzi wamekula, jua limemaliza, na hakuna mtu anaulizwa. Serikali ya Kinshasa ilitangaza miti miliari 1 mpaka mwaka 2023. Swali letu ni moja tu: hapa kwetu, mingapi iko hai leo, na nani anaimwagilia maji?

Hii si mambo ya mapambo. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mvua kubwa ilinyesha Uvira. Mito ikashuka na mawe na matope, watu makumi wakafariki, maelfu ya nyumba zikabomoka. Mlima uliovuliwa miti haushiki maji. Na Baraka nayo iko chini ya milima, kando ya ziwa lile lile.

Wengine watasema: wakatazeni wamama wa makala. Hapana. Mama anayepikia makala hana umeme wala gazi. Ukimkataza, watoto watalala njaa. Na vijana wanaochoma makala kule juu ni wenzetu, wamekosa kazi kama sisi wenye diploma. Faini haitawalisha.

Ndiyo maana tunasema: kutunza mti ni kazi, na kazi inalipwa. Mti mchanga unataka mtu wa kuuangalia viangazi viwili vya kwanza: uzio wa matete, kishimo cha kushika maji, majani makavu kwenye shina, bidoni ya maji jioni. Hotuba haimwagilii.

Tuangalie Nairobi. Januari 1999, Wangari Maathai na wenzake walipigwa kwa sababu walienda kupanda miti kwenye msitu wa Karura, ambao ulikuwa umegawiwa wajenzi binafsi. Ujasiri wao uliokoa ardhi. Lakini msitu ulipona kweli miaka kumi baadaye, wakati raia walishirikiana na idara ya misitu: uzio ukawekwa, walinzi wakapatikana, na tiketi ya kuingia ikaanza kulipia kazi hiyo. Hata vijana wa mtaa wa jirani wakapata kazi mle ndani.

Sisi hatuna watalii wa kununua tiketi. Lakini makala yanalipa taksi kwenye bariera. Kwa hiyo tunadai mambo matatu kwa wakubwa wa mji na wa teritware. Kwanza, sehemu ya taksi hiyo ilipe watunza miti katika kila kartie, na hesabu ibandikwe mahali watu wote wanaona. Pili, mwembe wa zamani usikatwe kando ya barabara au sokoni kabla ya wakaaji kuulizwa. Tatu, kila anayepanda miti arudi baada ya mwaka mmoja aseme mingapi imebaki.

Na sisi? Katiba yetu, kifungu cha 53, inatupa haki ya mazingira mazuri, na inatupa pia wajibu wa kuyatetea. Basi wiki hii, kila avenyi, vijana wawili wachukue daftari wahesabu: miti iliyopandwa, iliyo hai, iliyokufa. Tukienda kugonga mlango wa meya, twende na hesabu mkononi. Kelele wamezizoea, hesabu itabidi waijibu.