Bati Lipimwe, Lisiulizwe Uraia

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Viwango Tanzania (TBS)

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Wanaojenga hawaishi kubishana: bati la kiwanda cha hapa na la nje, lipi bora? Naona swali lenyewe limekaa vibaya. Viwanda vyetu vingi huagiza chuma kikiwa kimeviringishwa, mara nyingi kimeshapakwa zinki huko kilikotoka. Kazi ya hapa ni kukikunja migongo, iwe midogo au ya msauzi, na kukikata. Hilo ndilo tunaloliita bati la nyumbani. Kinachoamua umri wake ni unene wa chuma na wingi wa zinki iliyo juu yake. Gramu 100 za zinki kwa mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa, ni takribani mikroni 7 tu kila upande. Anayeezeka nyumba Bagamoyo, kwenye upepo wa chumvi, anahitaji namba hiyo kuliko jina la nchi.

Lakini dukani anaambiwa geji. Namba ya geji ikipanda bati linazidi kuwa jembamba, na hilo peke yake limewaponza wengi. Isitoshe, geji 28 ni milimita 0.376 kwa jedwali moja la Kiingereza na 0.356 kwa jingine. Pengo la asilimia 5 hivi, kabla mtu hajadanganya.

Nitajibiwa kwamba alama ya ubora ipo, na kwamba tangu 2012 bidhaa za nje hukaguliwa kabla ya kusafirishwa. Ni kweli. Ila alama husema bati limefaulu; haisemi limefaulu kwa kiasi gani. Wengine watahofia viwanda vya ndani. Mimi naona kiwanda kinachoumia leo ni kile kinachoweka zinki ya kutosha, kwa sababu kinashindanishwa bei na aliyeipunguza huku mnunuzi haoni tofauti. Na mwenye kipato kidogo asinyimwe bati jembamba. Alinunue akijua ni jembamba.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kila bati, la ndani na la nje, lisomeke milimita zake na gramu zake za zinki, na lisilosomeka liondolewe sokoni. Kisha shirika linunue mabati madukani kama mteja yeyote, liyapime, na litangaze matokeo kwa majina ya watengenezaji.