Tiketi isiyo na idadi msinunue

Tombola ina maana moja, na sisi watu wa Kinama, hapa Bujumbura, tunaijua tangu utoto. Tiketi zenye namba zinauzwa, vishina vinabaki kwa muuzaji. Siku ikifika, vishina vinachanganywa mbele ya watu, mtoto anaingiza mkono na kutoa kimoja. Namba inasomwa kwa sauti, mwenye nayo anajitokeza, anakabidhiwa zawadi yake, tuseme baiskeli, hapohapo. Watanzania wanaiita bahati nasibu, na nasibu asili yake ni fungu la mtu. Kila aliyenunua tiketi ana fungu lake mle kapuni. Nani amempa mwingine ruhusa ya kulichomoa?

Sasa tazameni kinachouzwa mitaani kwa jina hilohilo. Tiketi haina tarehe. Haisemi zimechapishwa ngapi. Kura imepigwa wapi, hakuna ajuaye. Mshindi eti ni mtu wa karitie nyingine. Huo ni wizi, na inaniuma kuona watu wazima wakiufanyia mzaha.

Pigeni hesabu. Tiketi 2,000 za faranga 1,000 ni milioni 2. Zawadi ikiwa simu ya laki 3, mwandaaji amebakiwa na milioni 1 na laki 7. Pesa hizo zikienda kuezeka darasa, sina neno, nami nitanunua. Lakini asiyetaja idadi ya tiketi amenificha kama nafasi yangu ni moja katika mia au moja katika elfu 10, na nafasi hiyo ndiyo bidhaa pekee anayoniuzia!

Wabaya kupita wote ni wale wa simu: "Umeshinda tombola, tuma pesa tukuletee zawadi." Mama anayeuza ndagala sokoni anatuma mtaji wake wa kesho. Mama, hakuna anayeshinda tombola ambayo hakuikatia tiketi. Kata simu.

Tanzania ina bodi ya michezo ya kubahatisha tangu sheria ya 2003. Lakini tiketi ya uchochoroni hapa Kinama inalindwa na macho yetu wenyewe. Kwa hiyo mashefu wa karitie, walimu, viongozi wa parokia: anayetaka kuuza aandike kwenye tiketi idadi, bei, zawadi, siku na mahali pa kupigia kura. Akikataa, mfukuzeni mchana kweupe. Nanyi wanunuzi, msimpe hata faranga mia.