Alhamisi Baada ya Kura

Mwezi huu tulikuwa tumepanga kuendelea na habari ya watoto wanaokataa kula shuleni. Tutairudia. Tumeiahirisha kwa sababu mama mmoja kijana, aliyeolewa juzi tu, alitusimamisha nje ya kanisa akatuuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu tukiwa tumesimama. Alikuwa amesikia wanasiasa wakitaja tena kura ya maoni, akataka kujua kama ni kweli kwamba mwaka 2010 akina mama wa ushirika wetu waliacha kusalimiana. Tulimwambia atupe muda. Hili ndilo jibu letu, na si la kutupa sifa.

Wengi wenu mnakumbuka. Kura ilipigwa siku ya Jumatano, tarehe 4 Agosti 2010. Kijani ilikuwa Ndiyo, nyekundu ilikuwa La. Miaka mitano kabla, Novemba 2005, tulikuwa tumepiga kura nyingine ya Katiba, ile ya ndizi na chungwa, na chungwa likashinda kwa asilimia 58 hivi. Baada ya siku mbili tu Rais Kibaki akalivunja baraza la mawaziri. Uhasama wa siku hizo haukuisha. Uliingia katika uchaguzi wa 2007, na sisi tunaoishi Nakuru hatuhitaji kukumbushwa Januari 2008, jinsi moshi ulivyopanda mitaani na akina mama walivyolala na watoto kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika nchi nzima. Kwa hiyo kura ya 2010 ilipokaribia, wako jirani zetu katika Bonde la Ufa waliofunga magodoro na kuhama kabla ya siku yenyewe, hata kama hakuna aliyewafukuza.

Jambo jipya mara hii lilikuwa kwamba kanisa lenyewe lilikuwa upande mmoja. Maaskofu wa Katoliki na viongozi wa makanisa mengi ya Kiprotestanti walisema La. Sababu zao kubwa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kifungu cha 26, kinachosema kwamba uhai huanza mimba inapotungwa na kwamba kutoa mimba hakuruhusiwi, kisha kinaongeza: isipokuwa kwa maoni ya mhudumu wa afya aliyefunzwa pana haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine imeruhusu. Neno lile “afya” ndilo lililowakosesha wengi usingizi. Ya pili ni mahakama za Kadhi kutajwa katika Katiba. Mahakama hizo hazikuwa mpya, zilikuwamo katika Katiba tangu uhuru, 1963, kwa sababu ya mapatano yaliyofanywa juu ya ukanda wa pwani. Lakini si wengi waliotueleza hivyo wakati ule, na sisi wenyewe hatukuuliza.

Juni 13 mwaka huo, kwenye mkutano wa maombi wa kuipinga Katiba pale Uhuru Park, mabomu yalilipuka na watu wakafa. Jumapili iliyofuata hakuna aliyethubutu kusema kanisani kwamba atapiga kura ya kijani. Walionyamaza, walinyamaza. Kumbe hawakuwa wachache.

Sasa tuje kwenye ushirika wetu. Tulikuwa akina mama ishirini na wawili tuliokutana kila Alhamisi saa nane, kwa zamu, nyumbani kwa kila mmoja. Kwanza Neno, kisha maombi, kisha chama: kila mmoja anaweka mchango wake na mwenye zamu anaondoka na fedha zote, akanunue sufuria au alipe karo. Alhamisi ile, tarehe 5 Agosti, zamu ilikuwa ya dada yetu muuguzi.

Huyu dada alikuwa amefanya kazi wodi ya wazazi miaka kumi na mitano. Alipopinga kifungu cha 26 hakuwa anarudia maneno ya mtu. Alikuwa ameshika mikononi mwake watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na alikuwa pia ameona wasichana wanaoletwa usiku wakivuja damu baada ya kuharibiwa vichochoroni. Alituambia mara moja tu, bila kuinua sauti, kwamba anajua neno “afya” linaweza kupanuliwa kiasi gani na mtu mwenye kliniki na tamaa ya fedha. Akapiga kura yake nyekundu na hakumficha mtu.

Upande wa pili alikuwapo mjane. Mumewe alikufa mwaka 2006, na shemeji zake walikuwa wamekwisha kung'oa ua na kupanda mahindi yao mpaka mlangoni mwa jiko lake. Kila alipokwenda kulalamika aliambiwa kwamba ardhi ni ya ukoo, na yeye ni mgeni. Binti yake alimsomea kifungu cha 60 cha ile Katiba mpya, kwamba ubaguzi wa kijinsia katika sheria, mila na desturi za ardhi uondolewe. Akamsomea na cha 45, kwamba mume na mke wana haki sawa wanapooana, wakiwa katika ndoa na hata ikivunjika. Mama yule alikaa nacho kitabu kile mapajani jioni nzima, na kusoma hasomi vizuri. Alimpenda mchungaji wake. Lakini alipiga kura ya kijani, na alilia akiwa ndani ya kibanda cha kura.

Tunaandika haya ili mjue kwamba wote wawili walikuwa na Mungu mbele yao. Wakati ule sisi hatukuliona hilo. Tuliona rangi tu.

Na nyumbani je? Tuseme ukweli, maana ukurasa huu ni wa wenye ndoa. Wako waume waliowaambia wake zao, “Nyumba hii ni ya rangi moja.” Wako wake walioitikia “Ndiyo, baba” kisha wakaweka alama mahali pengine, na mpaka leo hawajasema. Mwenzetu mmoja alifanya kosa la kusema. Mumewe hakumpiga, hakumtukana. Alikula ugali wake akiwa ameugeukia ukuta, siku tisa. Anasema heri angepiga kelele.

Alhamisi asubuhi redio ilikuwa imekwisha kutangaza hesabu za karibu kila mahali, na viongozi wa La wakakubali kwamba wameshindwa. Mwishoni Ndiyo ilikuwa na kura zaidi ya milioni 6, na La karibu milioni 2.8. Mkoa wa Bonde la Ufa peke yake ndio uliokataa. Viongozi wa makanisa walisema wameyapokea matokeo, ila wataendelea kudai vile vifungu vibadilishwe. Hakukuwa na moto wala mawe. Tulimshukuru Mungu sana kwa hilo, tena kwa haki. Ila ilitufanya tudhani kwamba mambo yote ni salama.

Dada yetu muuguzi aliomba ruhusa kazini akapika tangu asubuhi. Chapati, ndengu, wali kidogo, na chai ya maziwa katika birika mbili. Alipika kwa watu ishirini na wawili. Walikuja watano.

Waliochelewa hawakuwa wamechelewa. Wengine walikuwa mjini wakicheza na matawi ya miti na leso za kijani. Wengine, waliopiga nyekundu kama yeye, walikuwa na huzuni wakaona heri walale. Na sisi tunaoandika ukurasa huu? Sisi tulikuwa nyumbani, tumekaa. Tulikuwa tumepiga kura ya kijani, tukaona haya kumkabili, tukaambiana kwa simu kwamba tumwachie nafasi apoe. Hayo ndiyo maneno tuliyotumia. Tulikuwa tumeshinda, na bado tulikosa nguvu ya kutembea hatua mia tatu kwenda kula chapati za mtu aliyeshindwa.

Mchango wa chama siku ile haukufika hata robo. Alizipokea zile fedha kidogo akaandika majina ya waliotoa, akashukuru.

Jumapili mchungaji aliomba kwa ajili ya taifa. Alisema kwamba wingi wa watu si kipimo cha haki siku zote. Labda alisema ili kujituliza mwenyewe, maana kundi lake lilikuwa limemwacha na yeye alijua. Lakini mjane wetu alisikia kwamba anatajwa, akatoka kabla ya baraka, na hakuonekana Jumapili nne. Hivyo kwa wiki moja tulikuwa tumewapoteza wawili, mmoja kwa kushinda na mmoja kwa kushindwa.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda watatu kwa muuguzi. Tulibeba sukari na majani, kama watu wanaokwenda kumtazama mzazi. Alikuwa akichambua mboga barazani. Alitukaribisha, akatupa viti, akatuchemshia chai, akatuuliza habari za watoto mmoja mmoja kwa majina yao. Tulingoja aanze yeye. Hakuanza. Mwishowe mkubwa wetu akasema, “Mama, tumekuja kwa sababu ya Alhamisi.”

Akajibu, “Ndengu zilichacha.”

Tukanyamaza. Kisha akauliza, tena kwa upole, si kwa kututega: “Kama tungeshinda sisi, mngekuja?” Kila mmoja wetu alitazama kikombe chake. Maana jibu lilikuwa ndiyo, tungekuja. Tungekuja kuonyesha kwamba hatuna kinyongo. Ni rahisi mtu aliyeshindwa kuonyesha moyo mkubwa, watu humwona. Aliyeshinda hana haja ya kumtafuta mtu.

Hatukumwambia hivyo siku ile. Tulimwambia tu kwamba tumekosa, na tukamwomba zamu irudiwe. Alikataa. Alisema zamu yake imekwisha kupita na aliyefuata ana karo ya kulipa.

Katiba ilitangazwa rasmi Ijumaa, tarehe 27 Agosti 2010. Tangu hapo tumeona mengi, na kama mtu atatuuliza nani alikuwa sahihi, tutamwambia kwamba hakuna aliyeota kila kitu sawasawa. Mahakama za Kadhi zimebaki kuwa za Waislamu wanaokubali kwenda mbele yake kwa mambo ya ndoa, talaka na urithi, wala hatujamwona Mkristo aliyeburutwa huko. Kifungu cha 26 hakikubadilishwa hata neno moja, na ubishi juu ya maana yake umeendelea mpaka mahakamani, kama muuguzi alivyosema. Waliocheza na matawi nao waliahidiwa kwamba jinsia moja haitazidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Bunge lilishindwa kutunga sheria hiyo mara kwa mara, hata Jaji Mkuu Maraga akamshauri Rais, Septemba 2020, alivunje. Halikuvunjwa. Kwa upande mwingine, mama wa Kenya aliyeolewa na mgeni sasa humpa mtoto wake uraia sawa na baba, na mtoto ana haki ya kulelewa na baba yake hata kama wazazi hawakuoana. Hayo si madogo. Waliokuwa wakizunguka na faili ofisini kabla ya 2010 wanajua.

Kura nyingine ya maoni ilitaka kuja na ule mpango wa BBI, lakini mahakama ziliuzuia tangu Mei 2021, na Mahakama ya Juu ikaumaliza Machi 2022. Hata kura yenyewe haikupigwa, na bado tuliwasikia akina mama sokoni wakiulizana kwa jicho la pembeni, “Wewe uko wapi?” Basi dada mpenzi uliyetuuliza, ndiyo, ni kweli. Tuliacha kusalimiana, na haikuwa kwa sababu ya matusi. Hakuna aliyemtukana mwenzake. Tulikosa tu kwenda.

Lakini hukuuliza juu ya mjane, nasi hatutaki kumwacha njiani. Alirudi. Aliyemrudisha si mchungaji wala sisi wenye kalamu. Muuguzi alikwenda nyumbani kwake, akakuta amejifungia, akabisha mpaka akafunguliwa. Hatujui walisemezana nini. Tunajua tu kwamba shauri la shamba lilipofika mbele ya wazee, na baadaye mahakamani, lilichukua miaka, na aliyekaa naye kwenye benchi siku nyingi, akiwa ametoka zamu ya usiku, ni yule yule mwenye kura nyekundu. Siku moja karani alimwuliza kama ni ndugu wa mlalamishi. Akajibu, “Ni dada yangu wa Alhamisi.” Shamba lilirudi kwa mjane, limepungua kidogo upande wa mto, na mahindi ya mlangoni yaling'olewa.

Muuguzi amestaafu sasa. Ushirika wetu umebaki na akina mama kumi na saba, wengine Bwana amewachukua na wengine wamefuata watoto Nairobi. Alhamisi ya pili ya mwezi huu zamu ni yake. Jana ametuma ujumbe kwa simu, mfupi kama kawaida yake, anataka kujua tutakuwa wangapi ili ajue aloweke ndengu kiasi gani. Tumemjibu: kumi na saba.