Boti ya kuvulia na kuvutia wageni: tuulize kabla ya kutoa pesa zetu

 

Leo hatuzungumzii mishono wala mapambo, tunazungumzia boti. Msishangae. Huku kwetu Unguja ziko boti ndani yake mna pesa za wanawake: pesa za kikoba, za mwani, za maandazi na za cherehani. Mume, kaka au mtoto wa kiume anakuja na wazo lake. Tununue boti moja ya faiba, usiku avulie, mchana awavute wageni wanaoteleza juu ya maji. Chombo kimoja, riziki mbili.

Wazo linapendeza na sisi hatulipingi. Tunachosema ni kwamba boti ya namna hiyo ichaguliwe kwa ajili ya uvuvi kwanza, na huo mchezo uwe mgeni tu ndani yake. Na mwanamke anayetoa pesa awepo inapochaguliwa, ajue anauliza nini.

Kwa ambao hawajauona mchezo wenyewe: mtu anavaa mbao mbili ndefu miguuni na kushika mpini wa kamba yenye urefu wa mita 23 hivi. Boti inaondoka kwa kasi, naye ananyanyuka kutoka majini na kuteleza nyuma yake. Ulianzia Marekani mwaka 1922, kijana aitwaye Ralph Samuelson alipofanikiwa kusimama juu ya mbao zake katika Ziwa Pepin, jimbo la Minnesota. Miaka ya baadaye Wamarekani wakatengeneza boti za kazi mbili, ambazo familia inavulia asubuhi na watoto wanachezea jioni. Zina jukwaa mbele la kusimama mtu wa mshipi, tangi dogo la kuweka samaki hai, viti laini, na mlingoti mfupi wa kufungia kamba ya mchezo.

Ni boti nzuri, na ukiziona kwenye simu utazitamani. Lakini zimekatwa kwa kipimo cha ziwa. Anayevua kule aghalabu anavua kujifurahisha, akipata samaki wawili anapiga picha na kuwarudisha majini. Wetu anavua ili watoto wale na waende skuli. Sisi tunaoshona tunajua kwamba gauni lililokatwa kwa mwili wa mtu mwingine hata likiwa na kitambaa cha bei gani litakubana pahala.

Tuanze na tumbo la boti, kwani hapo ndipo kazi mbili zinapogombana. Boti ya kuvuta wachezaji inapendeza ikiwa na tumbo bapa kwa nyuma, ili isiache mawimbi makubwa yatakayomwangusha anayevutwa. Boti ya kuvulia bahari ya wazi inataka tumbo lenye umbo la V linalokata wimbi, na mbavu zilizonyanyuka ili maji yasiingie. Chukua ile bapa uende nayo nje ya mwamba wakati kusi imeshika, utaisikia inavyogonga kila wimbi. Mabaharia watarudi na migongo inauma na maji kifundoni, na siku ya tatu hawataki kutoka tena.

Sasa zipime hizo mbili. Boti ya mvuvi inaweza kumvuta mgeni asubuhi bahari ikiwa shwari. Atasikia mawimbi ya boti chini ya mbao zake, lakini wageni wengi wanaokuja ufukweni ni wanafunzi, wanachotaka ni kusimama tu wapigwe picha. Boti ya mchezo haiwezi kumrudisha mvuvi nyumbani salama upepo ukibadilika. Kasoro ya kwanza inampunguzia mtu raha, na kasoro ya pili inaweza kumwacha mwanamke mjane. Kwa hivyo hapa hatuoni sababu ya kusitasita.

La pili ni mashine. Mashine ya 15 inatosha kumpeleka mvuvi kwenye madema yake na kumrudisha. Kumtoa mtu mzima majini na kumvuta ni kazi nyengine, kwani inataka mwendo wa kilomita 40 hadi 50 kwa saa, na boti yenyewe ina uzito wake na watu ndani. Hapo wataanza kukutajia mashine ya 60, ya 90 na zaidi. Usikatae wala usikubali kabla ya kuuliza mafuta. Mashine ya 40 ikikazwa hadi mwisho inaweza kumaliza kiasi cha lita 15 kwa saa, na ya 90 inaweza kupita lita 30. Ukinunua mashine kubwa kwa ajili ya wageni, ndiyo hiyo hiyo utakayokwenda nayo kuvua usiku wageni wakiwa hawapo. Na wageni hawapo miezi mingi ya masika. Chukua kalamu uandike: tukivua tu mwezi mzima bila hata mgeni mmoja, boti hii italipa mafuta yake? Jibu likiwa hapana, basi hiyo si boti ya kazi mbili. Ni boti ya wageni iliyobeba nyavu.

Angalia pia ubao wa nyuma unaofungwa mashine. Kila ubao una nguvu zake zilizopangwa na mtengenezaji, na boti ina idadi ya watu na uzito inaoweza kubeba. Kama namba hizo hazikuandikwa popote, uliza, na kama muuzaji hajui, tafuta anayejua. Nungwi kuna mafundi wa vyombo waliorithi kazi kwa baba na babu zao. Kumlipa mmoja wao nusu siku akakukagulie boti ni pesa kidogo ukilinganisha na bei yake. Visiwa vyetu vilivyozika watu wa MV Spice Islander Septemba 2011 havihitaji kukumbushwa maana ya chombo kubeba kuliko uwezo wake.

La tatu ni sakafu na nafasi. Boti iliyotoka kuvua ina ndoana, vipande vya mshipi, magamba na harufu. Mgeni anapanda peku. Ndoana moja iliyosahauliwa ikimwingia unyayoni, siku hiyo imekwisha na jina lenu limekwisha ufukwe mzima. Kwa hivyo chagua boti yenye sakafu iliyo wazi, inayooshwa kwa ndoo mbili tatu za maji na kutoa maji yenyewe. Iwe na makasha yenye vifuniko vya kufungia zana, na sanduku la barafu linalotoka na kuingia. Viti viwe vya kung'oa. Pahala pa kufungia kamba ya mchezo pawe imara na pasishikane na mashine. Usikubali kamba ifungwe kwenye kipande chochote cha ubao kilichopo, kwani mvuto wa mtu anaponyanyuka majini ni mkubwa.

La nne ni watu. Mchezo huu unataka watu wawili ndani ya boti, mmoja anaendesha akitazama mbele, na mwengine anamtazama anayevutwa. Nahodha peke yake hatoshi, kwani hawezi kutazama kote kuwili. Mashine izimwe kabisa mgeni anapopanda, si kuachwa ikinguruma, kwa sababu propela haichagui. Jaketi za kuokolea ziwepo za kila mtu, na za watoto ziwe na kipimo cha watoto. Na nahodha ajifunge mkononi ile kamba ya kuzimia mashine, ili akianguka boti isimame.

Hapa tuseme jambo ambalo wanaume zetu hawapendi kulisikia. Aliyevua usiku kucha asiwavute watu asubuhi. Macho mekundu hayafai kuongoza boti yenye kasi karibu na wanaoogelea. Kama ni boti moja, basi ziwe zamu mbili na nahodha wawili, au siku za uvuvi zitengwe na siku za wageni. Mwezi unasaidia kupanga. Wavuvi wa dagaa wanatumia taa na wanataka usiku wa giza, kwa hivyo siku za mbalamwezi boti ya dagaa hupumzika. Hizo ndizo siku za wageni. Mwenye kupanga hivi atapata kazi zote mbili bila kumchosha mtu wala kumhatarisha.

Na kila pwani ina mambo yake. Kendwa na Nungwi maji hayakimbii mbali, boti inafanya kazi siku nzima. Paje na Jambiani maji yakitoka yanakwenda mbali sana, na saa kadhaa boti imekaa juu ya mchanga. Wewe wa kule usikubali hesabu iliyopigwa kwa ufukwe wa Kendwa. Jueni pia kwamba leseni ya uvuvi si ruhusa ya kubeba wageni. Uvuvi una ofisi yake, usalama wa vyombo una Mamlaka ya Usafiri Baharini, na biashara ya wageni iko chini ya Kamisheni ya Utalii. Gharama za karatasi zote hizo ziingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Sasa tufike kwenye pesa, ambako khasa ndiko kulikotufanya tuandike. Uvuvi una mgao wake wa asili. Samaki wakiuzwa, yanatolewa mafuta na barafu, kisha kinachobaki kinagawiwa: fungu la chombo, fungu la mashine, fungu la nyavu, na mafungu ya mabaharia. Hata mwanamke asiyekwenda baharini anajua fungu lake liko wapi, na samaki wamepigwa mnada hadharani. Pesa ya mgeni haina mgao huo. Inatolewa taslimu ufukweni, inaingia mfuko wa aliyeshika kamba, na aliye nyumbani ataambiwa kile atakachoambiwa. Hatumtuhumu mtu. Tunasema tu kwamba kazi mpya inataka makubaliano mapya, na yaandikwe boti ikiwa bado dukani. Kila safari iingie kwenye daftari, saa, idadi ya watu, pesa na mafuta. Ikubalike ni kiasi gani kinawekwa kila wiki kwa ajili ya mashine, kwani mashine itaharibika.

Jina lako nalo liwemo kwenye karatasi ya boti, au kuwe na mkataba wenye mashahidi unaoonesha umetoa kiasi gani na fungu lako ni lipi. Dini yetu imempa mwanamke haki juu ya mali yake, na imetufundisha kuandikiana na kushuhudiana katika mambo ya pesa, hata baina ya wanaopendana. Mume mwema haoni hilo kuwa ni kumtilia shaka. Likitokea la kutokea, kifo au talaka, karatasi ndiyo itakayosema kwa niaba yako. Na kama pesa hazitoshi, bora ushirika wa watu wanne wenye mafungu yanayojulikana kuliko mkopo wa riba utakaokutoa usingizini kila mwisho wa mwezi.

Tunajua watakaosema, "Nyinyi wanawake mnajua nini kuhusu boti? Kazi yenu cherehani." Tunawajibu kwa heshima. Hatutaki kushika usukani. Anayeagiza nguo anaruhusiwa kuuliza kitambaa, hata kama hajui kutia uzi kwenye sindano. Na kaka yetu aliyefikiri vizuri hatokosa majibu ya maswali haya. Akikasirika kabla ya kujibu, hilo nalo ni jibu.

Wengi wetu tunasoma Suratul Kahf kila Ijumaa. Tunakumbuka ile jahazi ya watu masikini iliyotobolewa, na kasoro ile ikawa ndiyo salama yao, kwa sababu mfalme aliyekuwa akipora vyombo vizima hakuitaka. Sisi tunachukua humo funzo dogo la dunia yetu: si kila chombo kinachong'ara kina kheri na mwenyewe. Boti isiyo na viti vya ngozi wala rangi za kumeremeta, yenye tumbo la kukata wimbi na mashine unayoimudu, inaweza kukaa nawe miaka mingi. Ile inayong'ara inaweza kuuzwa kwa nusu bei kabla deni lake halijakwisha.

Kwa hivyo dada zetu, likija wazo la boti nyumbani msilikatae, na msikimbilie kufungua sanduku. Kaeni nalo chini, ulizeni tumbo lake, mafuta yake, zamu zake na daftari lake. Nendeni mkaione ikiwa majini, si nchi kavu tu. Kisha toeni kwa moyo mweupe, na muwaombee dua wanaoondoka nayo.

Allah awarudishe salama wote walio baharini, na atie baraka katika chumo letu. Amin. Wabillahi tawfiq.