UCHAMBUZI: Mchango wa njaa usiishie kwenye pesa, uwe pia sauti ya kudai ahadi

KILA ukame unapoikumba nchi, Wakenya huombwa kuwanusuru wenzao, na aghalabu hutoa bila kusita. Swali ambalo halijajibiwa ipasavyo ni jinsi mashirika ya misaada yanavyopaswa kuhusiana na wahisani hao baada ya pesa kupokewa.

Kampeni ya Kenyans for Kenya ya mwaka 2011 ingali kielelezo muhimu. Mnamo Julai 27, siku chache baada ya Umoja wa Mataifa kutangaza baa la njaa kusini mwa Somalia, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, wakfu za Safaricom na KCB pamoja na chama cha wamiliki wa vyombo vya habari viliungana kuchangisha Sh500 milioni katika muda wa mwezi mmoja. Fedha hizo zilikusudiwa waathiriwa wa njaa katika Turkana na maeneo mengine kame. Lengo hilo lilipitwa.

Ufanisi huo haukutokana na ukwasi wa wachache pekee. Huduma ya M-Pesa, iliyoanzishwa mwaka 2007, ilimwezesha mchuuzi wa sokoni na mhudumu wa matatu kutoa kidogo alichojaliwa, papo hapo, kupitia simu yake. Katika harambee za kawaida, jina la mwenye noti nyingi ndilo hutangazwa kwa vifijo, na mtoaji mdogo husahaulika. Safari hii mchango mdogo ulikuwa na heshima sawa na mkubwa. Haba na haba ilijaza kibaba.

Hata hivyo, chakula cha msaada huliwa kikaisha. Mwaka huo huo wa 2011, serikali iliahidi kukomesha dharura za ukame ifikapo mwaka 2022. Mwaka huo ulipowadia, misimu ya mvua ilikuwa imekosa mfululizo, mifugo ilikuwa imeangamia, na zaidi ya watu milioni 4 katika kaunti kame walihitaji msaada wa chakula.

Ni hapa ambapo udhaifu wa uchangishaji wa dharura hujitokeza. Mamia ya maelfu ya watu wakitoa kwa moyo mmoja, huwa wamekwisha kuonyesha kwamba suala hilo linawagusa. Iwapo shirika litawakumbuka tu ng'ombe wanapoanza kufa tena, litakuwa limewafanya mfuko wa kuchotwa. Lakini likiwaeleza ahadi zilizotolewa, bajeti iliyotengwa na mabwawa ambayo hayajachimbwa, litakuwa limepata jeshi la raia wanaoweza kuwauliza wabunge na magavana maswali mazito.

Mfano wa kufanya hivyo haupo mbali. Vuguvugu la Green Belt, lililoasisiwa na Profesa Wangari Maathai mwaka 1977, halikuishia kugawa miche. Wanawake wa vijijini walilipwa ujira mdogo kwa kila mche ulioota na kuendelea kuishi, hivyo walilazimika kurudi na kuukagua. Sambamba na hayo, walifunzwa uhusiano uliopo kati ya ukosefu wa kuni na maji na utawala mbaya.

Mwaka 1989, serikali ilipotaka kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, Maathai aliandika barua kwa afisi za serikali na kwa mashirika ya kimataifa. Alitukanwa bungeni, lakini wafadhili wa mradi huo walijiondoa na bustani ikanusurika. Kalamu ilifanikisha jambo ambalo pesa pekee zisingeweza.

Funzo la kwanza ni kwamba mhisani anastahili kupewa habari za matokeo, yakiwemo mabaya. Kisima kikikauka au pampu ikiharibika, aambiwe, pamoja na sababu na hatua iliyochukuliwa. Shirika linaloficha hitilafu hupoteza imani siku zinapofichuka, na imani ikishavunjika ni vigumu kuiunga.

Pili, wenye njaa wapewe nafasi ya kujieleza. Picha za watoto waliokonda hufungua mikoba upesi, ila huwavunjia hadhi wazazi wao. Mfugaji wa Turkana anajua mapito ya mifugo na bei ya mbuzi sokoni. Maelezo yake yatamwelimisha mtoaji kuliko picha ya huzuni.

Yapo mashirika yanayohofia kwamba kudai uwajibikaji ni kujiingiza katika siasa. Hofu hiyo haina mashiko. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013, iliyoanza kutekelezwa Mei 14, 2024, inayakataza kukipigia debe chama au mgombea. Kudai chakula ni jambo tofauti kabisa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutokumbwa na njaa, na kuikumbusha serikali wajibu huo ni kutetea Katiba.

Ukame utarejea, na bila shaka Wakenya watachanga tena. Mashirika ya misaada yasipotumia kipindi cha mvua kuwaandaa wahisani wao kudai mabwawa, barabara na masoko ya mifugo, watoto wa waliolishwa mwaka 2011 watapanga foleni ile ile waliyopanga wazazi wao.