Ujuzi Hauzeeki, Lakini Mkono Huchakaa

Aghalabu majeraha ya kazini yanapotajwa, fikra za wengi huelekea kwenye kidole kilichokatwa na msumeno au jicho lililopofushwa na cheche. Ni nadra kutajwa jeraha linaloingia kimyakimya: maumivu ya kano, misuli na neva yatokanayo na kuurudiarudia mwendo uleule kutwa nzima. Jeraha hili halitoi damu. Kwa hiyo halipewi uzito hadi mkono unaposhindwa kushika kikombe.

Jambo hili si geni. Mnamo mwaka wa 1713, tabibu Mwitaliano Bernardino Ramazzini alieleza kuwa makarani waliumia kwa kukaa mno, kuuendesha mkono kwa namna moja na kukaza fikira bila kupumzika. Ramazzini aliyajua maradhi ya kazi kwa kuingia karakanani na kuwauliza wafanyakazi wenyewe. Funzo hilo lingali na maana nchini Kenya.

Chukua mfano wa seremala stadi. Patasi huishika imara bila kuikaba. Apigapo randa, nguvu hutoka miguuni na kiunoni, si kwenye kifundo cha mkono peke yake. Nyundo huiachia uzito wake ufanye kazi. Msumeno ukianza kusita, hausukumi kwa hasira, huutia tupa. Patasi nayo huipitisha kwenye kinoo, kwani makali butu hudai nguvu zaidi na mapigo mengi zaidi, na wa kuumia ni mkono. Tena hubadilisha kazi: hukata mbao, hupima, kisha hupiga msasa, ili misuli iliyochoka ipate kupumzika. Karakanani mambo haya hayaitwi kinga wala sayansi, huitwa ufundi.

Hata hivyo, litakuwa kosa kudai kwamba ujuzi pekee watosha. Fundi anayelipwa kwa idadi ya viti huyapuuza anayoyajua siku ya kulipa kodi ya nyumba ikikaribia. Ni kweli kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe kuwa vifaa na majukumu ya kazi yanamfaa mfanyakazi. Lakini sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, ilhali fundi humfunza mwanagenzi kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama. Matokeo yake ni kwamba mtunga sheria hamsikii fundi, na fundi haisomi sheria.

Hapo ndipo penye deni la wasomi wa Kiswahili. Yafaa waingie karakanani na madaftari yao, wayanakili maelezo ya mafundi wazee kuhusu kushika, kunoa na kupumzika, na kuifasiri sheria kwa lugha inayoeleweka. Navyo vyuo vya ufundi viyafunze hayo tangu siku ya kwanza, kabla maumivu hayajawa mwalimu.

Wahenga walinena kuwa ujuzi hauzeeki. Ni kweli, lakini mkono unaoubeba huzeeka, na fundi asiyerithisha huzikwa na ujuzi wake.