Ngozi ya maabara yaidhinishwa Marekani, aliyemwagikiwa na uji atafaidika?

Aprili 2025, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha tiba iitwayo Zevaskyn. Ni vipande vya ngozi vilivyooteshwa maabara kutokana na seli za mgonjwa mwenyewe. Bei iliyotangazwa ni Dola 3.1 milioni kwa mgonjwa mmoja, yaani zaidi ya Sh7 bilioni za Tanzania.

Habari za namna hii zikifika kwenye simu zetu, hazichelewi kugeuzwa biashara. Muuza krimu na muuza vidonge vya “seli shina” huzitumia kumshawishi mteja kwamba hata Wazungu wamekubali. Kwa hiyo msomaji wangu, wiki hii tuangalie tiba hii inafanya nini hasa, na kwa nini haiwezi kufungashwa kwenye kopo.

Tuanze na ngozi yenyewe. Tabaka lake la juu, epidemisi, ni jembamba kama karatasi katika sehemu kubwa ya mwili. Unapojisugua kwa dodoki bafuni, unaondoa seli zilizokwisha kufa. Ngozi haiishi kwa sababu chini kabisa ya tabaka hilo kuna seli hai zinazogawanyika. Baadhi ya seli zinazozaliwa hubaki chini kuendeleza kazi. Nyingine husukumwa juu, hujaa protini ngumu iitwayo keratini, hufa, kisha hubanduka. Safari hiyo huchukua takribani mwezi mmoja. Zile zinazobaki chini na kuendelea kuzaa wenzao kwa miaka mingi ndizo seli shina.

Seli shina nyingine zimejificha ndani zaidi, kwenye mashina ya vinyweleo na kwenye tezi za jasho. Siku za kawaida, zile za kinyweleo huotesha nywele. Ngozi ikichunika, hupanda juu kusaidia kufunika kidonda. Madaktari wa upasuaji wanazitegemea kila siku. Wanapochukua ngozi nyembamba pajani ili kuipandikiza kwenye kidonda, paja hilo hupona lenyewe ndani ya takribani wiki mbili, kwa kuwa mashina ya vinyweleo yamebaki mahali pake.

Mwaka 1975, watafiti wa Marekani James Rheinwald na Howard Green walionyesha kwamba seli hizi zinaweza kuoteshwa nje ya mwili. Mwaka 1983, ndugu wawili wadogo walioungua zaidi ya asilimia 95 ya miili yao waliokolewa huko Boston kwa ngozi iliyooteshwa kwa njia hiyo.

Tukio lililofungua macho zaidi lilikuwa Ujerumani mwaka 2015. Mtoto wa miaka saba, mkimbizi kutoka Syria, alilazwa mjini Bochum akiwa amepoteza sehemu kubwa ya ngozi kutokana na ugonjwa wa kurithi uitwao epidemolisis bulosa. Mwenye ugonjwa huu hukosa protini inayoshikilia tabaka la juu la ngozi, hivyo hata msuguano mdogo huleta malengelenge na vidonda. Timu ya Profesa Michele De Luca wa Modena, Italia, ilichukua kipande cha ngozi yake cha takribani sentimita nne za mraba, ikarekebisha jeni yenye hitilafu, kisha ikaotesha ngozi ya kutosha kufunika asilimia 80 ya mwili wake. Mtoto alipona na kurudi shule.

Matokeo yalipochapishwa mwaka 2017, yalijibu pia swali la siku nyingi. Kila seli iliyorekebishwa ilikuwa na alama yake, kwa hiyo watafiti waliweza kufuatilia uzao wake. Miezi ilivyopita, seli nyingi zilizopandikizwa zilitoweka. Ngozi yote mpya ikawa inatunzwa na kundi dogo la seli shina zenye maisha marefu. Kwa maneno mengine, ngozi iliyopandikizwa hudumu pale tu inapokuwa na seli hizo chache.

Zevaskyn imefuata njia hiyohiyo kwa aina nyingine ya ugonjwa huo. Katika jaribio lake la mwisho, asilimia 81 ya vidonda vilivyotibiwa vilipona kwa nusu au zaidi baada ya miezi sita, ikilinganishwa na asilimia 16 ya vidonda vilivyopata huduma ya kawaida. Ni hatua kubwa. Lakini kila mgonjwa hutengenezewa vipande vyake mwenyewe, na huwekewa na madaktari kwa upasuaji. Hapo ndipo bei inapotoka.

Sasa turudi nyumbani. Kwetu, watu wengi wanaohitaji ngozi mpya hawana ugonjwa wa kurithi. Ni mtoto aliyevuta sufuria ya uji, au mama aliyelipukiwa na jiko. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 180,000 hufa kila mwaka kwa kuungua, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Ukishajua seli shina zinakaa wapi, utaelewa kwa nini vidonda vya moto havifanani. Moto ukiishia juu, seli za kwenye vinyweleo huziba pengo. Ukizama na kuunguza mashina hayo, katikati ya kidonda hakuna kilichobaki cha kuotesha ngozi. Kidonda kikubwa cha aina hiyo hujivuta kutoka pembeni, hukunja kiungo na kuacha kilema, asipopandikizwa ngozi. Tena kidonda kirefu kinaweza kisiume sana, kwa kuwa mishipa ya fahamu nayo imeungua. Usidanganyike na ukimya wake.

Kwa maoni yangu, hatuhitaji kusubiri ngozi ya mabilioni. Kupandikiza ngozi ya paja la mgonjwa mwenyewe ni upasuaji unaojulikana miaka mingi. Tunachopaswa kudai ni upatikane hospitali za mikoa kwa wakati, pamoja na damu, dawa za maumivu na mazoezi ya viungo.

Kuhusu krimu na vidonge, seli shina ya binadamu ni kiumbe hai. Haiwezi kukaa hai kwenye kopo dukani. Ukiimeza, tumbo huisaga kama nyama. Seli ya tufaha nayo haiwezi kugeuka ngozi ya mtu.

Seli zako mwenyewe unaweza kuziokoa kwa maji. Mtu akiungua, vua nguo na vito vilivyo eneo hilo, ila kilichogandamana na ngozi usikivute. Mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, huku ukimfunika sehemu nyingine asipate baridi kali. Usipake dawa ya meno, yai, unga wala mafuta, na usiweke barafu. Funika kwa kitambaa safi, mkimbize hospitali. Joto huendelea kuzama hata baada ya moto kuondolewa, na dakika hizo 20 zinaweza kuamua kama mashina ya vinyweleo yatabaki hai.